Julai Yetu Haina Sweta

Kila mwaka Juni ikikaribia kwisha, rafiki yangu wa Nairobi hunipigia simu aniulize swali lile lile. "Vipi huko, baridi inawaonyesha?" Wakati huo mimi huwa nimekaa nje hapa Homa Bay, vifungo viwili vya shati viko wazi, nahamisha kiti nikifuata kivuli cha mwembe. Namwambia hakuna baridi. Anacheka, anadhani najikaza. "Wacha wewe! Kenya nzima ni baridi. Si hata kwa taarifa wamesema?"

Ndiyo, wamesema. Ugomvi wangu ni huo.

Itazame hiyo taarifa. Mwanahabari amesimama kando ya barabara Nairobi, skafu imemfika kidevuni, nyuma yake mtu anauza uji na mwingine ananadi majaketi ya mitumba kwa kelele. Anatuambia Wakenya wanazidi kutetemeka. Wakenya wameshauriwa wavae nguo nzito, wanywe vitu moto, wasiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha (huo ni ushauri mzuri, unaokoa watu, siugusi). Siku hizi wengine hata neno baridi hawalitaki, wanasema "winta", kana kwamba theluji imeanguka Kawangware. Nami nauliza: Wakenya gani? Wa Lodwar? Wa Garissa? Wa Mbita, ambako saa nane mchana mchanga wa ufuo unachoma nyayo?

Sikatai baridi ya Nairobi. Nimeishi huko, naijua. Mji ule uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni upepo wa kusini mashariki huleta hewa ya bahari iliyojaa unyevu, ikapanda kwenye nyanda za juu, ikawa lile wingu la kijivu linaloweza kufunika jua wiki nzima. Lakini upepo huo ukishavuka Bonde la Ufa na kushuka upande wetu unakuwa umeshaacha mzigo wake njiani. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi. Kwetu upepo ule ule huja na anga safi, jua kali, na mawimbi. Upepo ni mmoja, Julai ni mbili. Moja inatangazwa, nyingine inazikwa kimyakimya.

Na nisije nikaitwa mwongo: alfajiri kwetu Julai kuna kibaridi. Waendesha boda wa stendi ya Homa Bay huvaa majaketi mazito kama wapanda Mlima Kenya, na kule Migori mjini, palipoinuka zaidi, na hasa Kehancha kwa Wakuria, usiku unaweza kutaka blanketi la pili. Lakini kufika saa nne asubuhi hadithi hiyo imekwisha. Mtu hawezi kuupa mwezi mzima jina la saa mbili za alfajiri.

Nilianza ugomvi huu nikiwa mdogo. Katika shule moja ya Migori, ambayo sitaitaja, muhula wa pili ulikuwa muhula wa sweta. Sweta ya rangi ya maruni, ya uzi ule unaokwaruza shingo. Mwalimu wa zamu alisimama langoni na fimbo, asiye na sweta arudi nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu muhula wa pili ni msimu wa baridi. Hakuna aliyenyoosha kidole akasema, mwalimu, hebu toka hapo kivulini. Tulisimama gwarideni jasho likitutiririka mgongoni, na siku moja mwenzangu wa darasa la nne akaanguka. Wakasema ni malaria. Huenda ilikuwa malaria kweli, na nitarudi huko.

Somo la Kiswahili nalo lilikuwa na baridi yake. Tulikariri majira: masika, kipupwe, demani, vuli, kiangazi. Kipupwe, tuliambiwa, ni majira ya baridi, Juni hadi Agosti. Tulikariri kama tulivyokariri majina ya sayari, na kwa imani ile ile kwamba hatutafika huko. Katika insha, "asubuhi moja ya kipupwe" ilikuletea alama. Nimeandika asubuhi za kipupwe nyingi sana maishani mwangu na sijawahi kuamka katika hata moja. Mara moja, kwenye jaribio lililosema tutaje majira ya mvua, niliandika chwiri, neno la nyanya yangu. Nikapata mkasi mwekundu. Mwalimu hakukosea, lilikuwa somo la Kiswahili, halikuwa la Dholuo. Lakini hapakuwa na somo lingine lolote ambalo chwiri ingepata tiki.

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu ninaandika kwa Kiswahili na sina mpango wa kukitukana. Kosa si la kipupwe. Kipupwe ni neno la watu waliofanya kazi yao. Watu wa pwani walikaa kando ya bahari yao karne na karne, wakaujua kusi na kaskazi, wakajua lini jahazi liondoke na lini lirudi. Wakawa na mwaka wao unaoanza na Nairuzi, wakahesabu siku zake kwa miongo, yaani makumi, wakijua mwongo fulani ni wa kupanda na mwongo fulani bahari haichezewi. Hadi leo Makunduchi kule Unguja hukusanyika kuuaga mwaka wa zamani na kuupokea mpya katika sherehe ya Mwaka Kogwa. Mwezi gani? Julai! Wana Julai yao, wanaiogea, wanaipigania kwa migomba. Nani atawalaumu?

Na kuna neno lao moja lililotufikia bila mwalimu. Ukienda kwa wavuvi wa ziwa hili, hasa upande wa Tanzania, utasikia upepo mkali wa kusini ukiitwa kusi. Neno hilo lilipanda kutoka pwani pamoja na watu, likajaribiwa juu ya maji, likaonekana linafaa, likakaa. Hakuna mtihani uliolilazimisha. Kipupwe kilikuja ndani ya kitabu, na ndani ya kitabu kimebaki.

Wazee wetu nao walifanya kazi yao. Chwiri ni mvua ndefu, wakati wa jembe. Opon ni mvua fupi ya mwisho wa mwaka. Oro ni kiangazi. Wasuba wa Mfangano na Wakuria wana maneno yao. Si maneno ya kupamba ngonjera siku ya utamaduni tu. Mwenye kuyajua anajua lini mahindi ya kwanza yavunwe, lini nyasi za paa zikatwe, lini mitumbwi ivutwe juu.

Nilipata kusoma habari za Alexandria, mji wa Misri ulio kwenye Bahari ya Kati, na nikaona wivu. Mto unaotoka katika ziwa letu pale Jinja ndio unaomwaga maji yake karibu na hapo, kwa hiyo tuseme ni jirani zetu wa upande wa chini. Majira yao ya baridi ni ya kweli, ya upepo na mvua ya kutoka baharini. Lakini hawasemi tu "baridi imekuja". Kila dhoruba ina jina lake na tarehe inapotarajiwa. Ipo ya katikati ya Novemba inayoitwa Ufagio kwa sababu hufagia kila kitu. Januari peke yake ina kadhaa: ya kichwa cha mwaka, kisha Faida Kubwa, kisha Ghitas ambayo huangukia karibu na tarehe 19, sikukuu ya Ubatizo ya Wakopti, na mwishoni Karam, yaani ukarimu, kwa jinsi mvua yake isivyobana mkono. Si kwamba dhoruba hufika kwa tarehe kama mshahara wa serikali. Huchelewa, huruka mwaka. Lakini mvuvi wa pale akisikia jina anajua atoke au akae, na kwa siku ngapi. Mwezi mmoja wameupasua vipande vinne na kila kipande wamekipa jina. Sisi mwezi wetu tumeuazima mzima kutoka Nairobi, tena si saizi yetu.

Basi Julai yetu ina nini?

Ina kusi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo huo wa kusini mashariki hulisukuma ziwa, na katikati ya kipindi hicho maji hugeuka: ya juu hupoa, yakawa mazito, yakazama, ya chini yakapanda. Hata rangi unaiona. Asubuhi ziwa limetulia kama chai kwenye sahani, adhuhuri limejaa vichwa vyeupe kuanzia Mfangano hadi Muhuru Bay.

Ina ufuo wenye njaa. Kuvua omena hufungwa Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane, kwa hiyo Julai ni mwezi wa nne wa mifuko mitupu. Mama anayekausha omena, ambaye ndiye benki ya nyumba nyingi za Homa Bay, amekuwa akiuza mboga, au akikopa. Sabuni inanunuliwa kwa vipande. Mwanaume ambaye omena imefungwa anaingia mtumbwi wa mtu mwingine kwenda kutafuta mbuta mbali, Remba, Ringiti, huko kwenye maji makubwa, kwa sababu hana pengine pa kwenda. Fikiria hilo: mwezi wa upepo mkali ndio mwezi ambao njaa inawasukuma watu mbali zaidi na nchi kavu. Ukitaka kuiambia Kenya habari ya Julai, anza hapo.

Ina mahindi. Wakati Trans Nzoia mahindi bado mabichi yakinyeshewa, ya kwetu ya chwiri yamekauka shambani, yanavunwa na kuanikwa. Anayeanika mahindi hataki kujua kama mvua itanyesha "maeneo machache". Anataka kujua kama itanyesha hapa, na kama ni kabla ya saa kumi.

Na ina malaria. Mvua ndefu ikiisha huacha madimbwi, na wagonjwa huongezeka Mei, Juni, Julai. Utafiti wa kitaifa wa 2020 uliwapima watoto na kukuta vimelea kwa asilimia 6 nchini kote, lakini eneo la ziwa lilikuwa asilimia 19. Watu wa mbali hupenda kututania kwamba ndiyo maana tunaitwa Homa Bay. Jina halikutoka huko, lakini utani umeshika. Hebu sasa fikiria Mkenya wa taarifa ya habari akisikia kwamba mtoto wa Ndhiwa anatetemeka Julai. Atasema, si tulisema ni msimu wa baridi? Mtoto wa Ndhiwa anatetemeka chini ya blanketi saa saba mchana, jua likipasua mabati. Baridi ya Julai kwetu hutoka ndani ya mwili. Nimemwona mama akimfunika mtoto nguo juu ya nguo kwa siku mbili, akisema ni baridi tu ya mwezi huu, kama wanavyosema kwenye redio. Siku ya tatu ndipo akampeleka kituo cha afya. Alipona, kwa bahati.

Tena inawezekana kabisa kuisoma kalenda yetu ukitaka. Waliokuja kunyunyizia dawa ya mbu kwenye kuta za nyumba, Migori mwaka 2017 na Homa Bay 2018, walipanga kuja mwanzoni mwa mwaka, kabla mvua ndefu haijashika, kwa sababu mbu wetu hafuati kalenda ya Nairobi. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa Kenya, Septemba 2019, ilizinduliwa Ndhiwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba wakubwa hawajui tuliko.

Sasa tuje kwenye utabiri wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokufa.

Kwa miaka mingi utabiri wa kitaifa umetuweka katika aya moja na karibu magharibi yote. Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Kericho, Nandi, Trans Nzoia, hadi Nakuru, Narok na Pokot Magharibi, orodha inayokuchosha kuisoma. Kisha sentensi moja: asubuhi jua, alasiri manyunyu na radi maeneo machache, usiku mawingu kiasi. Hiyo si sahani moja ya chakula, ni sufuria ya matanga, kila mtu achote na kijiko chake.

Chukua Kisii na Homa Bay tu, umbali wa safari fupi ya matatu. Mchana nchi kavu hupata moto kuliko ziwa, hewa hutoka ziwani kwenda juu, ikafika milima ya Kisii na Kericho, ikalundikana, na alasiri mawe ya mvua yakagonga mabati huko. Sisi wa ufuoni tunaona tu weusi upande wa mashariki. Jioni weusi huo unaweza kuteremka kwetu na upepo wa kung'oa paa, au usiteremke. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu hupoa haraka, ziwa linabaki na joto lake, hewa inateremka kutoka pande zote kwenda kukutana katikati ya maji, na hapo kati ya usiku wa manane na alfajiri ndipo radi na dhoruba za ziwa huzaliwa. Wanasayansi wamelieleza jambo hili miaka mingi. Ni nani aliyeko katikati ya ziwa saa hizo? Ni mvuvi. Na utabiri wake unasema: usiku mawingu kiasi.

Au nenda Nyatike, Migori, sehemu za chini za mto Kuja. Mto ule huanzia milima ya Kisii na Nyamira, kule wanauita Gucha, ukaungana na mto Migori kabla ya kuingia ziwani. Watu wa Nyatike wameshalala mara ngapi chini ya nyota, anga limeoshwa likaoshwa, wakaamka maji yako kitandani? Mvua ilinyesha kwa wengine, mafuriko yakaja kwao. Ukimwambia mtu huyo leo hakuna mvua Nyatike, umemwambia ukweli, na umemdanganya.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa mbuta katika ufuo mmoja karibu na Mbita. Ilikuwa Julai, jioni ya kawaida. Redio, sitasema ipi, ilisema baridi kali itaendelea nchini, wananchi wavae majaketi. Mjomba alicheka, akasema labda aende na blanketi. Waliondoka watatu, wakaelekea upande wa Mfangano kuinua nyavu. Hapakuwa na wingu. Upepo ulianza kama saa tisa usiku. Wawili walishikilia mtumbwi uliopinduka hadi kulipokucha, wakaokotwa na watu wa mashua ya abiria. Mjomba alipatikana siku ya tatu. Siku hizo zote mitumbwi ya ufuo ule ilivutwa juu, hakuna aliyekwenda kuvua, na sisi tulikaa pale chini ya mti tukitazama maji.

Shangazi, mkewe, alisema jambo moja tu ambalo nimekaa nalo tangu siku ile. Wanawake walikuwa wakimpepea, mtu fulani amewasha redio ndogo kupunguza kimya, na ile sauti ikarudi na majaketi yake. Shangazi akasema, "Walituambia tuvae jaketi. Hawakusema lile la kuelea."

Kuna wakati nilidhani huu ni msiba wetu wa peke yetu. Hapana. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Viktoria, nchi zote tatu, na hali mbaya ya hewa ni sababu mojawapo kubwa. Meli ikizama, kama MV Bukoba Mei 1996 au MV Nyerere Septemba 2018, bendera hushushwa nusu mlingoti. Mtumbwi wa watu watatu haushushi kitu. Wanakufa watatu watatu, usiku, na asubuhi nchi inaambiwa ivae skafu.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, kwamba tangu ugatuzi kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa na utabiri wake wa wiki. Kweli, na nimeusoma, na ni bora mara kumi kuliko ile aya ya magharibi yote. Pili, kwamba kuanzia 2017 kulikuwa na mradi wa HIGHWAY, ukiongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, uliozisaidia idara za nchi za ziwa kutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa wavuvi. Kweli pia. Ndiyo maana hasira yangu inazidi badala ya kupungua! Kama wataalamu wanaweza kusema upepo gani, sehemu gani ya ziwa, kuanzia saa ngapi, kwa nini taarifa ya saa moja jioni, ile inayosikika kila kibanda kutoka Kendu Bay hadi Sori, bado inatuambia habari ya makoti? Utabiri mzuri uliolala kwenye faili la Kiingereza ndani ya simu ya ofisa hauna tofauti na dawa iliyofungiwa kabatini.

Jibu la tatu ndilo gumu. Utaniambia mjomba angekwenda tu. Omena imefungwa, ada ya shule inadaiwa, angeambiwa upepo wa saa tisa usiku unakuja na bado angekwenda. Huenda. Nimelifikiria hilo kuliko wewe. Lakini mtu anayejua saa anaweza kuinua nyavu saa sita badala ya saa tisa. Anaweza kukaa karibu na kisiwa. Anaweza kuazima jaketi, lile la kuelea. Kumnyima mtu habari kisha ukasema asingeisikiliza, huo si utaalamu, ni dharau.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka mtangazaji akisema baridi aseme ya wapi. Nataka utabiri wa ziwa usomwe kila jioni kabla ya mitumbwi kutoka, kwa Dholuo na kwa Kiswahili cha ufuoni, na utaje saa, utaje Remba na Muhuru na Mbita kwa majina, ubandikwe kwenye ofisi ya BMU pale samaki wanapopimwa. Nataka Nyatike waambiwe mvua ya Kisii. Mtaala wa umilisi unajisifu kwamba mtoto huanza na mazingira yake; basi mtoto wa Homa Bay ajifunze kipupwe kama tunu ya pwani, na chwiri na oro kama saa ya kwao, na apate tiki kwa yote mawili. Na mwalimu wa zamu amwachie mtoto avue hiyo sweta, jamani, ni nyuzi 29!

Mwaka jana, tarehe 31 Julai jioni, nilikuwa ufuoni. Usiku ule omena ilikuwa inafunguliwa. Mitumbwi ilipangwa safu, vijana wanapakia taa, wengine za sola, mzee mmoja bado na karabai yake, wanawake wamekuja na beseni mapema kana kwamba samaki wangetoka kwa kuitwa. Kusi alikuwa ametulia, au alijifanya. Mzee wa karabai alitazama upande wa vilima vya Gwassi muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Wewe msomi, hebu hiyo simu yako. Inasema usiku utakuwaje?"

Nikaitoa. Ilisema Nairobi, mawingu, nyuzi 13. Nikamwonyesha.

"Mwambie asante," akasema, akaendelea kumimina mafuta.